Shajara ya shamba: kupunguza dawa za ukungu kwenye zabibu, Hombolo

Aprili, wiki ya mwisho

Mavuno ya kifuku, yani ya msimu wa mvua, yameisha, mvua nayo inaelekea kukatika, kwahiyo tunaanza. Naandika hapa ili kila kitu kikae sehemu moja, mana msimu uliopita kila mtu alikuwa na kumbukumbu zake kichwani na hakuna aliyeweza kusema dawa ipi ilipigwa lini na ilikuwa ya kuzuia nini.

Kwa ambao hawajui tulipo, ni Hombolo, Dodoma. Shamba ni ekari mbili, la mama mkubwa, mizabibu iko kwenye nguzo na waya, maji ni ya dripu, sehemu kubwa ni Makutupora nyekundu na mistari michache ya Chenin Blanc. Zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kifuku kwenye Februari Machi na ya kiangazi kwenye Agosti Septemba, na mradi tunauanzia kiangazi kwa sababu ambazo zitaonekana huko mbele.

Lengo ni kupunguza dawa za ukungu bila kupoteza mavuno. Utaratibu wa zamani ni wa kalenda, yani kuanzia machipukizi yanapotoka mpaka karibu na kuvuna kila wiki bomba linatoka, na ndani ya bomba kuna salfa, mankozebu na dawa moja ya zile zinazopenya ndani ya mmea, zote kwa pamoja, iwe jua iwe mvua. Anayebeba bomba ni binamu yangu. Jioni ya siku ya dawa macho yanamuwaka, anakohoa, chakula hakipiti, na kesho yake anaamka anaendelea na kazi nyingine kama kawaida kwa sababu amezoea. Mimi sitaki azoee. Hiyo ndo sababu ya kwanza ya huu mradi, hela ni ya pili, na ya tatu ni kwamba sehemu ya zabibu zetu haiendi kiwandani kutoa mchuzi (juisi ya kutengenezea mvinyo), zinauzwa barabarani na mtu ananunua anakula hapohapo na ganda lake.

Tumegawa hivi: upande wa mashariki unaendelea na kalenda kama zamani ili mama mkubwa awe na amani, upande wa magharibi ni mpango mpya, na kule mwisho kuna mistari ya shahidi, haipigwi chochote. Hiyo ya shahidi ilileta mjadala mrefu.

"Mwanangu, yani uache zabibu zangu ziliwe na ukungu makusudi?"

"Mama, tusipoacha hata mstari mmoja, tukivuna salama hatutajua kama ni dawa ndo imetuokoa au ukungu wenyewe haukuja."

Akakaa kimya, afu akasema chukueni mistari mifupi ile ya kule kwenye miti, basi. Nikamshukuru, mana kwake kila kichala ni ada ya mtoto.

Bado Aprili, kabla ya kupruni (kupogoa)

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuuliza tunapambana na nani. Huku wengi tunasema "ukungu" tu, dukani unasema nipe dawa ya ukungu unapewa, lakini kwenye zabibu kuna magonjwa mawili makubwa yanayoitwa ukungu na tabia zao hazifanani kabisa.

Kuna ubwiri unga. Huu unakaa juu ya jani kama majivu, unapanda kwenye punje, punje inapasuka. Hauhitaji jani liwe na maji, tena maji mengi ya mvua yanaziharibu mbegu zake (zile chembe ndogo unazozaliana nazo), wenyewe unataka hewa yenye unyevu kiasi, kivuli, na joto la wastani, kama nyuzi 20 mpaka 27. Jua kali la moja kwa moja na joto la 35 kwenda juu vinauumiza.

Afu kuna ubwiri vinyoya. Huu unaanza na doa la njano juu ya jani, linang'aa kama limedondokewa mafuta, na chini ya jani hilohilo baada ya usiku wenye unyevu unaota kama pamba nyeupe. Huu bila maji juu ya jani hauwezi kuingia, mana mbegu zake zinaogelea, kweli kabisa zina mikia zinaogelea mpaka kwenye vitundu vya jani vya kupumulia ndo zinaingia. Wataalamu hata kwenye kundi la kuvu wa kweli hawauweki, uko kwenye ukoo mmoja na ule unaosababisha baka chelewa la viazi na nyanya.

Sasa ukishajua hivo angalia hali ya hewa ya Dodoma. Kuanzia Mei mpaka Oktoba karibu hatuoni mvua. Ugonjwa unaohitaji jani lililolowa unaingia saa ngapi? Na mankozebu, ambayo ni ya ubwiri vinyoya, tunayopiga kila wiki mwezi wa sita na wa saba inamzuia nani? Ni sawa na kumeza dawa ya malaria kwa sababu jino linauma. Na salfa nayo, ambayo ni nzuri sana kwa ubwiri unga, kwa ubwiri vinyoya haifanyi kitu, kwahiyo kifuku mtu anaweza kupiga salfa mpaka majani yakawa ya njano na bado shamba likaondoka.

Tulifanya kipimo rahisi ambacho yeyote anaweza kukifanya leo. Unachuma majani yenye madoa unayoyashuku, unayaweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambaa kilicholoanishwa au tishu yenye maji, unafunga, unaweka ndani gizani usiku kucha. Asubuhi kama ni ubwiri vinyoya ulio hai, chini ya doa kunakuwa na manyoya meupe mapya. Majani yetu ya mwisho wa kifuku yaliota karibu yote. Kwahiyo ugonjwa uliotusumbua kifuku tumeujua, na tumejua pia kwamba majani haya hayatakiwi kubaki shambani.

Mei, kupruni

Tumepruni. Mabaki yote tumeyatoa nje ya shamba tukayachoma mbali, upande wa magharibi tumefagia mpaka majani ya chini. Hii kazi inachosha na vibarua walilalamika ila ina maana kubwa huku kwetu kuliko nchi za baridi. Ulaya mzabibu unalala, majani yote yanadondoka, ukungu nao unajificha kwenye magome na kwenye udongo ukisubiri joto. Huku mzabibu haulali, mwaka mzima kuna jani bichi mahali fulani, na ukungu unaruka kutoka jani la zamani kwenda jani jipya bila kupumzika. Kupruni ndo baridi yetu. Tukiliacha shamba likiwa halina hata jani moja bichi kwa siku kadhaa tumeukatia chakula.

Tatizo ni majirani. Sisi tumepruni, shamba la pili kutoka hapa bado lina majani ya kifuku yamejaa madoa, na lingine limepruniwa mapema lina majani makubwa tayari. Mbegu za ubwiri unga zinasafiri na upepo na upepo wa Dodoma wa kiangazi mnaujua. Nimeanza kuongea nao, nimeenda kwa mzee mmoja ambaye ana zabibu tangu enzi zile mbegu za mizabibu zinatoka kwa mapadre wa misheni ya Bihawana. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umekuja na ile habari yenu ya kutokupiga dawa?" Habari zinatembea haraka. Nilimwambia hatujaacha kupiga, tunataka kupiga pale panapohitajika tu. Akasema zamani walikuwa wanapiga salfa ya unga tu kwa kutikisa kwenye gunia la katani na zabibu zilikuwa zinatoka. Tukaongea mpaka jioni.

Alichosema kina msingi. Salfa ilianza kutumika kwenye zabibu miaka ya 1840, baada ya mtunza bustani mmoja Mwingereza, Edward Tucker wa Margate, kuuona ubwiri unga kwenye mizabibu ya ndani ya nyumba ya vioo mwaka 1845. Mpaka leo salfa inafanya kazi, kwa sababu inaushambulia ukungu sehemu nyingi kwa mpigo na ukungu hauna njia moja ya kuikwepa. Dawa mpya za kupenya zinagonga sehemu moja tu, ukungu ukibadilika hapo kidogo dawa inakuwa maji. Ndugu zetu wa korosho Mtwara na Lindi wanaijua salfa vizuri zaidi yetu, ubwiri unga wa korosho ni kuvu mwingine lakini salfa ni ileile.

Mei mwishoni, machipukizi

Machipukizi yametoka vizuri. Upande wa magharibi tumepiga salfa ya kuchanganya na maji peke yake, hakuna mankozebu, hakuna dawa ya kupenya. Mashariki wamepiga mchanganyiko wote kama kalenda inavosema.

Tumeanza mapema makusudi, machipukizi yakiwa bado mafupi. Watu wengi wanasubiri waone majivu ndo wapige, na kwa salfa hapo umeshachelewa mana salfa ni mlinzi wa mlangoni, inazuia mbegu isiote, haitoi ukungu ambao umeshatanda. Ukianza safi unamaliza na dawa chache.

Angalizo la salfa kwa anayesoma: usipige saa sita za jua kali, joto likipita nyuzi 32 hivi inaunguza majani, na usiichanganye wala kuikaribisha na dawa yoyote ya mafuta, acha wiki mbili katikati. Tunapiga saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaanza. Binamu amevaa miwani, barakoa ya kichujio, glavu na gambuti, na nguo za dawa zinafuliwa peke yake. Hili halijadiliwi.

Juni, kipimo cha joto

Hapa nakaa kidogo mana ndipo nilipojifunza zaidi.

Chuo Kikuu cha California, Davis, walitengeneza kipimo cha hatari ya ubwiri unga, kinajulikana kwa majina ya Gubler na Thomas. Kinaangalia joto tu. Ukipata siku tatu mfululizo ambazo kila siku joto limekaa kati ya nyuzi 21 na 29 hivi kwa masaa sita yasiyokatika, kipimo kinaanza. Baada ya hapo kila siku ya namna hiyo unaongeza alama 20, siku isiyofikia masaa hayo unatoa 10, na siku ambayo joto limegusa 35 kwa robo saa unatoa 10. Juu kabisa ni 100. Kikiwa 30 kushuka unaweza kukaa wiki mbili mpaka tatu bila kupiga salfa, kikiwa 60 kwenda juu unatakiwa uwe unapiga kila wiki. Wakulima wa California wanakitumia kuruka zamu za dawa, na kweli kinawasaidia.

Tuliweka kipima joto cha kurekodi ndani ya majani, sio kwenye bati, na nikawa napiga hesabu kila jioni. Kilipanda mpaka 100 na hakikushuka. Ukifikiria ni lazima iwe hivo: kule bonde la California majira ya joto yanagonga 35 mara kwa mara na jua linawafanyia kazi, wakati Dodoma mwezi wa sita usiku ni baridi na mchana ni 26, 27, joto zuri la kukaa kibarazani, na ndo joto zuri la ubwiri unga pia. Kwa hesabu ya kile kipimo kiangazi chetu chote ni hatari tupu, kwahiyo ukikifuata kama kilivyo unarudi kwenye kalenda ya kila wiki.

Sijakitupa. Kimetuambia kitu cha maana, kwamba huku hali ya hewa haitatupa likizo dhidi ya ubwiri unga, kwahiyo nafuu tuitafute kwingine: kwenye umri wa punje, kwenye majani yenyewe, na kwenye namna dawa inavofika. Na nafuu kubwa zaidi ilishapatikana siku tulipotoa dawa ya ubwiri vinyoya kwenye bomba la kiangazi.

Juni, maua

Maua yamefunguka. Huu ndo muda ambao hatubanii dawa hata kidogo. Punje ya zabibu ni laini kwa ubwiri unga kuanzia kabla kidogo ya maua mpaka wiki tatu nne baada ya maua, hapo ukungu ukiingia umekula mavuno. Baada ya hapo ganda linajijenga, punje inakuwa ngumu kuambukizwa hata ukizungukwa na majivu, ingawa majani na vikonyo bado vinaweza kupata. Kwahiyo dawa zote za msimu tunazirundika kwenye hilo dirisha: salfa kila wiki, na mara moja tu katikati, maua yanapomaliza kudondoka, dawa ya kupenya. Kwenye lebo tunaangalia namba ya kundi la dawa, sio jina la biashara, mana dukani unaweza kununua majina matatu tofauti ukidhani unabadilisha kumbe yote ni kundi moja. Tuliambiwa na muuzaji mmoja wa pembejeo kwamba tuongeze kipimo kwa sababu "ukungu wa siku hizi umezoea". Kama umezoea dawa ya kundi hilo, kuongeza kipimo ni kuzidi kuchuja wale wagumu wabaki peke yao. Tumebadilisha kundi, kipimo kimebaki cha kwenye lebo, na tumehakikisha lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Juni mwishoni, majani na bomba

Wiki hii hakuna dawa mpya ila ndo wiki iliyobadilisha shamba kuliko zote.

Tumetoa majani yanayofunika vichala, upande wa asubuhi tu, yani ule unaopigwa na jua la mashariki. Upande wa jua la mchana tumeacha majani kwa sababu jua la saa tisa la huku linababua punje. Tumetoa na machipukizi ya ziada yasiyo na kichala. Mama mkubwa alihofia zabibu zitabaki uchi, nikamwomba apige hatua nne nyuma aangalie: sasa unaona mwanga mdogo mdogo kupita katikati ya mstari. Kabla ya hapo ulikuwa ukuta.

Jua ni dawa ya ubwiri unga, mionzi yake inaua mbegu moja kwa moja. Marekani kuna watu kwenye Chuo Kikuu cha Cornell wamefika mbali, wanapitisha taa za mionzi ya jamii hiyo shambani usiku badala ya kupiga dawa. Sisi jua tunalo bure, tatizo tunalifungia nje kwa majani.

Kuna sababu ya majani kuwa mengi hivo: samadi nyingi na maji mengi kwa pamoja. Tumepunguza masaa ya dripu baada ya punje kushika, mzabibu uache kukimbilia kurefuka.

Afu bomba. Kijana mmoja anayesoma kilimo alituletea zile karatasi za njano zinazogeuka bluu zikiguswa na tone la maji, tukazibana na pini ndani ya vichala, binamu akapita na bomba lenye maji matupu kama anavopita siku zote. Nje ya mstari karatasi zilikuwa bluu mpaka zinachuruzika. Ndani ya kichala njano, yani hakuna kitu. Miaka yote dawa inaishia kwenye majani ya nje na kwenye udongo, na mtu akiona ukungu anasema dawa ni feki au ni kidogo, anaongeza. Tulibadilisha nozeli, iliyokuwepo tundu lake lilikuwa limepanuka kwa salfa ya miaka, tukaweka ya matone madogo, na binamu akaanza kupita pande zote mbili za mstari akielekeza kwenye vichala. Karatasi za pili zilikuwa na madoa ya bluu mpaka katikati ya kichala, na maji yaliyotumika yakawa machache. Tulirudia baada ya kutoa majani, ndo kabisa.

Kama kuna mtu ana nafasi ya kufanya jambo moja tu msimu huu, afanye hili la bomba.

Julai

Maziwa. Hili wengi wameniuliza. Brazil walijaribu maziwa yaliyochanganywa na maji dhidi ya ubwiri unga wa mboga jamii ya maboga wakapata matokeo mazuri, Australia wakajaribu kwenye zabibu. Uwiano ni kama sehemu moja ya maziwa kwa tisa au kumi za maji na yanafanya kazi vizuri kukiwa na jua. Tuliweka mstari mmoja. Majani yamekaa safi karibu sawa na ya salfa, vichala vya ndani kidogo vimeanza kuonesha majivu, pengine kwa sababu hata jua haliwafikii vizuri. Maoni yangu: inafanya kazi ukungu ukiwa mdogo, lakini kwa ekari mbili kila wiki hayo ni maziwa mengi, na kuna watoto hapa jirani ambao hayo maziwa wanayahitaji. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yangefaa zaidi, kwa mwenye kuyapata.

Wiki ya pili ya Julai kulikuwa na taharuki. Majani ya chini upande wa magharibi yakawa na mabaka ya njano, jirani akapita akasema mmeona sasa, ubwiri vinyoya huo, pigeni mankozebu leo. Binamu tayari alishachukua bomba. Nikaomba usiku mmoja. Majani yakalala kwenye mfuko wa nailoni na tishu iliyolowa. Asubuhi hakuna kilichoota, chini ya jani pasafi kabisa. Tukamtumia bwanashamba picha, akaja mwenyewe, akageuza majani, akasema unjano uko kati ya mishipa na kwenye majani ya zamani tu, ni upungufu wa magnesiamu. Bomba likarudi stoo. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya huu mradi, mana bila ule mfuko tungepiga, majani mapya yangeendelea kuwa ya kijani kama yalivyo, na tungeamini milele kwamba mankozebu ndo iliyoponya.

Agosti

Punje zimeanza kubadilika rangi. Magharibi tumesimamisha dawa zote tangu vichala vilipofunga, yani punje zilipokua zikabanana. Salfa tumeiacha mapema pia kwa ajili ya kiwanda, mana ikibaki kwenye punje inaingia kwenye mchuzi na wakati wa kuchachuka inatoa harufu ya yai viza, kwahiyo ni vizuri zaidi ya mwezi upite kabla ya kuvuna. Kazi iliyobaki ni kukagua. Tunatembea mstari baada ya mstari tukigeuza majani ya ndani, tunaandika mti gani umeonesha majivu. Yanajirudia sehemu zilezile: kona ya kwenye miti yenye kivuli, na pale dripu inapovuja. Kumbe hata siku ya kupiga sio lazima upige shamba lote.

Mistari ya shahidi imeharibika. Vichala vingi vina majivu, punje zimepasuka, nyuki na nyigu wamejaa. Inauma kuangalia ila imejibu swali, ukungu ulikuwepo mwaka huu, tena wa kutosha. Mama mkubwa mwenyewe ndo amewaleta majirani kuona, akawatembeza kutoka shahidi mpaka magharibi akiwaeleza habari ya karatasi za njano.

Septemba, mavuno

Tumevuna. Magharibi na mashariki zimepimwa sukari zikapita, uzito kwa mstari hauna tofauti ambayo mimi naweza kuisimamia. Chenin Blanc ya magharibi ilikuwa na majivu kwenye vikonyo kuliko ya mashariki, hilo naliandika lisisahaulike, vichala vyake vimebanana na msimu ujao zitolewe majani mapema zaidi, mara tu baada ya maua. Makutupora nyekundu zilikuwa safi pande zote.

Dawa: magharibi haikupata mankozebu kabisa, ya kupenya mara moja, salfa chini ya nusu ya mashariki. Binamu amelala siku nyingi za Jumamosi ambazo zamani zilikuwa za bomba, na kikohozi cha jioni kimekata.

Kabla ya kifuku

Msimu unaokuja ni mwingine kabisa na sitaki mtu achukue tuliyofanya kiangazi ayapeleke kwenye mvua kama yalivyo. Kifuku adui mkubwa ni ule wa kuogelea, na pale mankozebu au kopa, yani dawa ya shaba, vina kazi ya kweli. Kopa ndo msingi wa ule mchanganyiko wa Bordeaux wa mwaka 1885, Millardet, mtaalamu wa mimea Mfaransa, aliona mizabibu ya pembeni ya barabara iliyopakwa kopa na chokaa kuwatisha wezi ndo iliyobaki na majani. Ila kopa haiozi, inabaki kwenye udongo, Umoja wa Ulaya wameibana isizidi kilo 28 kwa hekta kwa miaka saba, kwahiyo nayo tutaihesabu.

Ulaya wana kanuni ya kumi: chipukizi la sentimita 10, mvua ya milimita 10, joto la nyuzi 10, ndo ukungu unaanza. Kwetu joto hilo lipo mwaka mzima na majani mabichi hayakosekani, kwahiyo nafikiri tuangalie usiku. Mvua ya mchana ikifuatiwa na jua na upepo, jani linakauka, hatupigi. Mvua ya jioni jani likalala limelowa, hiyo ndo tunaiandika, na kwa joto la huku madoa ya mafuta yanatakiwa kuonekana ndani ya wiki moja hivi. Kipima mvua kimeshanunuliwa. Dawa ya kuzuia inapigwa kabla ya mvua iliyotabiriwa, sio baada.

Mistari michache tutaipruni mapema ili maua yamalizike kabla mvua za Desemba hazijashika, maji ya dripu yapo. Hofu ni kwamba zitaiva mvua ikiwa nyingi na kuoza, ndo mana ni mistari michache.

Na wale majirani watatu wa upande wa upepo wamekubali tupruni wiki moja wote, mzee yule akiwa wa kwanza. Tunakutana kwake Jumapili kupanga vibarua, na mifuko ya nailoni nitabeba mimi.